Ujumbe Huo Ufie Mkononi Mwako

Wiki iliyopita, kwenye kundi la WhatsApp la msiba mtaani kwetu, katikati ya orodha ya michango na tangazo la saa ya mazishi, iliingia picha ya mwanamke tunayemfahamu wote. Ana genge pale njia panda. Anauza nyanya, vitunguu na mchicha, na ukipungukiwa mia mbili anakwambia utaleta kesho. Picha alijipiga mwenyewe, ameshika kitambulisho cha NIDA chini ya kidevu, kama programu ya mkopo ilivyomwagiza siku aliyojisajili. Sasa ilikuwa imezungushiwa mstari mwekundu na maneno makubwa: TAPELI SUGU, AMEKIMBIA NA PESA ZA WATU. Namba ya kitambulisho inasomeka yote. Chini yake kuna onyo kwamba asipolipa, "wadhamini" wake wote watafikishwa mahakamani.

Aliyeileta picha hiyo si mkopeshaji. Mkopeshaji hayumo kwenye kundi la msiba wetu. Aliileta jirani, ambaye alitumiwa kwa sababu tu namba yake imo kwenye simu ya yule mama. Vikatuni vya kucheka hadi machozi vikafuata. Mmoja akaandika, "Dawa ya deni kulipa." Mwingine akasema kumbe ndiyo maana genge limenawiri. Mchana picha ilikuwa imefika kundi la wazazi wa shule. Jioni mumewe, dereva wa lori aliyekuwa njiani kwenda Tunduma, alipigiwa simu na kaka yake akiulizwa mkewe amemwibia nani. Mkopo wenyewe alikuwa haujui. Kesho yake genge halikufunguliwa, na mdogo wake alimkuta amejifungia chumbani, hali, hanywi, anarudia neno moja tu, kwamba bora asingekuwapo.

Deni lililomfikisha hapo ni hili. Aliomba shilingi 100,000. Zikaingia 70,000, nyingine zikakatwa juu kwa juu kwa jina la "huduma". Siku ya saba alitakiwa arudishe 100,000 kamili, na kila siku ya kuchelewa ikawa na faini yake. Yaani shilingi 70,000 zilidai faida ya 30,000 kwa wiki moja. Ukomo wa riba uliowekwa kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa fedha aliyopokea, hiyo ni shilingi 2,450 kwa mwezi mzima.

Kwa nini watu wanakopa huko, hakuna asiyejua. Ada ya shule haingoji, mtoto akiugua usiku hangoji, na benki inataka hati ambayo muuza mchicha hana. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa wenye ulemavu, ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata, lakini bado inataka kikundi, katiba, akaunti ya benki na safari nyingi za kwa mtendaji. Programu ya simu inataka dakika tano. Ndiyo maana mikopo hii watu wameibatiza kausha damu, na bado wanaikopa.

Serikali haiwezi kusema haikuona. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ipo tangu 2018. Agosti 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na Novemba mwaka huohuo ikataja majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila leseni. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake imeshazinduliwa. Google nayo ilizipiga marufuku programu za mikopo kugusa orodha ya majina na picha za mteja tangu Mei 2023. Basi inakuwaje mama wa genge anaanikwa mchana kweupe? Kwa sababu programu ikifungiwa leo, kesho inarudi kwa jina jingine, imepitishwa kwa kiungo cha WhatsApp bila kugusa duka la Google. Na kwa sababu anayeanikwa haendi kulalamika. Ataanzaje kusimama kaunta ya polisi kueleza aibu ileile inayomfungia ndani?

Ndugu zangu, tuseme ukweli unaouma. Wakopeshaji hawa hawana dalali, hawana mgambo, wala hawaendi mahakamani, maana mahakamani wangeulizwa leseni. Silaha yao ni moja tu, nayo ni sisi. Wanajua kwamba wakiturushia picha ya jirani tutaipokea, tutaicheka na kuipeleka mbele bila kulipwa hata senti. Sisi ndio wadai wao wa bure. Sisi ndio tunaobisha hodi kwa shemeji, kwa mwajiri, kwa mchungaji, kwa shehe. Deni la mtu mmoja tunaligeuza kesi ya ukoo mzima, halafu Jumapili na Ijumaa tunakaa mstari wa mbele tunaombea wagonjwa wa akili.

Na tusijidanganye kwamba ni utani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumnyanyasa au kumtia msongo wa mawazo. Anayesukuma mbele picha ya aina hiyo akiwa na nia ya kuumiza asidhani amejificha nyuma ya aliyeianzisha.

Nawaomba tufanye haya.

Kwanza, ujumbe ukikufikia, ufie mkononi mwako. Usiupeleke kwa mkeo, usiupeleke kwa rafiki wa kuaminika, usiuweke kwenye kundi "ili tumsaidie". Anayetaka kumsaidia mtu humpigia yeye. Viongozi wa makundi mna kitufe cha kufuta ujumbe kwa wote. Kitumieni, kisha mwandikieni aliyeuleta, hapohapo mbele ya wote, kwamba hapa hatuaniki watu. Ukimya wenu ndio uliompa ruhusa.

Pili, kabla ya kufuta, aliyetumiwa moja kwa moja na mkopeshaji ahifadhi ushahidi: namba iliyotuma, tarehe, saa na maneno yenyewe. Namba iripotiwe kwa Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kupitia 15040. Lalamiko la picha na kitambulisho lipelekwe Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na jina la programu lipelekwe Benki Kuu. Aliyeanikwa asiende polisi peke yake. Nendeni wanne, watano, pamoja na mjumbe wa shina kama ana moyo. Lalamiko la mmoja huambiwa lirudi kesho. La watu watano huandikiwa namba.

Tatu, kagueni simu zenu leo. Ingia kwenye mipangilio, fungua ruhusa za programu, tazama ni ipi inasoma majina na picha zako. Mjue pia kwamba kuifuta programu hakufuti majina iliyokwisha kuyanyonya. Hayo yako kwao, na ndiyo maana hata wewe usiyekopa kitu umo kwenye orodha yao. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Nne, vikoba. Vikundi vingi vina mfuko wa jamii, lakini mifuko hiyo inafunguka kwa msiba, ugonjwa na uzazi tu. Kaeni kikao kimoja mkubaliane kiasi kidogo cha dharura, kitakachotoka siku hiyohiyo kwa simu ya mwenyekiti na mweka hazina, bila mtu kusimama mbele ya wanachama kueleza njaa yake. Mama akipata 50,000 kwenu kwa siri na heshima, hataitafuta gizani.

Tano, majumbani. Waume na wake, ambianeni madeni. Najua ni rahisi kuandika kuliko kutenda, lakini nyumba ambayo mke anamwogopa mumewe kuliko mkopeshaji imeshamsaidia mkopeshaji nusu ya kazi.

Naja kwenye jambo zito zaidi, la akili ya mtu. Siku hizi simu ileile inayomwanika mtu ndiyo inayomtangazia programu za kutuliza mawazo. Kijana anaieleza akili bandia saa nane za usiku asichothubutu kumwambia kaka yake. Sina ugomvi na programu hizo, na kama zinamsogeza mtu hadi asubuhi, vema. Lakini mashine haiwezi kubisha mlango. Mtu akisema bora asingekuwapo, usimhubirie na usimwache peke yake. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo, kunamfungulia mdomo. Kaa naye, ita mtu anayemwamini, mfikisheni hospitali.

Hapo tena sheria yetu inatuangusha. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, kwa hiyo familia inamficha pale inapopaswa kukimbia naye kwa daktari. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha aina hiyo nchini kwao, cha 226, kinapingana na Katiba. Wabunge wetu wanangoja nini? Waulizeni, wakija kwenye mikutano yenu na fulana na kofia, waulizeni hilo, na waulizeni pia ni mkopeshaji gani wa kausha damu amewahi kufungwa kwa kumwanika mwananchi.

Msiniambie alikopa mwenyewe. Alikopa, ndiyo, na deni la halali atalipa. Hakuna sheria yoyote, ya dini wala ya serikali, inayosema mdaiwa avuliwe utu mbele ya wanawe.

Kwa hiyo usingoje mwongozo mwingine wala tume nyingine. Leo, kabla hujalala, fungua lile kundi lenye watu wengi zaidi kwenye simu yako na uandike: hapa hatuaniki mtu kwa deni, na atakayeleta picha hiyo atatolewa. Jina lako likae hapo chini lionekane. Anayepinga naye aandike, mbele ya wote, kwa jina lake.