Tanganyika: Kinga ya mchuuzi ipate nafasi yake ndani ya treni

KALEMIE – Mchuuzi wa kinga anatoka Kalemie na mifuko ya ndakala na chumvi. Anauza kijiji kwa kijiji mpaka Nyunzu, wengine mpaka Kabalo, na kwenye milima anasukuma kuliko kupanda. Kisha inabaki kurudi nyumbani. Miguu imechoka, mvua imeharibu barabara, na feza ya mauzo iko mfukoni. Ndiyo maana wengi wanaona heri kurudi na treni. Lakini wakifika gare na kinga zao, masumbuko mapya yanaanza.

Reli ya kilometa 273 kati ya Kabalo na Kalemie ilifika ziwani mwaka 1915, wakati wa Wabelgiji. Karne moja na zaidi imepita, na vijiji vingi viko mbali na reli hiyo. Ni kinga inayoleta watu na mahindi mpaka gare, na ni kinga inayowapokea wanaposhuka. Pasipo kinga, safari ya treni inaishia kwenye gare tu.

Hata hivyo, mwenye kinga hajui mapema atalipa ngapi. Mtu ana tiketi yake, na mfuko wa mahindi unapimwa kwa mizani. Kinga inabaki katikati: huyu anaiita mzigo, yule anasema inakula nafasi ya watu. Bei inatoka kwa mabishano, treni ikiwa karibu kuondoka. Asiye na nguvu ya kubishana anaacha kinga nyuma au anaifunga inje ya vago.

Hapo hatari inaanza. Mwenye kinga hawezi kuiacha peke yake, kwani ndiyo kazi yake na karo ya watoto wake. Anapanda juu ya mizigo ili kuichunga usiku wote. Mkoa wa Tanganyika haujasahau treni iliyoanguka Mayibaridi tarehe 12 Septemba 2019. Mwezi wa tatu 2022, karibu na Lubudi mkoani Lualaba, watu zaidi ya 70 walikufa katika treni ya mizigo. Kila mtu anayekaa mahali pasipofaa anaongeza idadi ya maiti siku treni inapoacha reli.

Wafanyakazi wa reli wana jibu lao: vago ni chache, mashine ni za zamani, na kinga mia moja zinaweza kuziba milango. Ni kweli. Lakini hiyo ni sababu ya kupanga, si ya kuacha kila mtu ajitafutie. Vago moja iliyofungwa, mwishoni mwa treni, inatosha kuanza. Bei iandikwe kwenye ubao wa gare kwa franka, moja kwa kinga yote. Karatasi yenye namba ikatwe vipande viwili: kimoja kifungwe kwenye kinga, kingine abaki nacho mwenyewe. Zinazoshuka Nyunzu zikae karibu na mlango, za Niemba zifuate, na za Kalemie ziingie kwanza, nyuma kabisa. Hapo mchuuzi ataweza kukaa ndani na kusinzia kama wengine.

Wachuuzi nao wana sehemu yao. Watoe mifuko kabla ya kupakia, wageuze usukani ulale sawa na gurudumu, waandike jina kwenye chuma, na wafike mapema, si wakati treni inapiga honi.

Kununua mashine mpya kunaomba mamilioni ya dola na kungojea Kinshasa. Ubao, chaki na vago moja haviombi hivyo. Wakubwa wa reli na viongozi wa mkoa wakae na wachuuzi hata asubuhi moja, wapatane bei. Mtu aliyesukuma kinga siku nyingi ili kulisha vijiji anastahili kufika kwake akiwa mzima, pamoja na kinga yake.