Rangi Nazo Zina Wenyewe

Siku hizi mtu hafungui duka, hoteli wala chama bila ya kufungua na tovuti yake kwenye intaneti. Swali la kwanza la fundi ni: wataka rangi gani? Hapo wengi wetu hukwama, tukaishia kunakili buluu na kijivu za makampuni ya Ulaya, kana kwamba kwetu hakuna rangi.

Nawaomba wasomaji tutupe macho Kipsing, upande wa Oldonyiro, katika kaunti ya Isiolo. Si mbali nasi kama tudhanivyo. Mpango wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu mwaka 2012, umeitaja Kipsing kuwa mahali pa mji wa watalii. Mji huo ukijengwa utatangazwa kwa tovuti, na tovuti itataka rangi. Rangi zimo tayari shingoni mwa akina mama wa Kisamburu: nyekundu, nyeupe, buluu, kijani na ya chungwa. Tena shanga za kioo zilipita kwetu zamani. Zilitoka Venice na India, zikashushwa pwani, zikapandishwa bara na misafara.

Ukizitazama zinavyotungwa, utaona rangi kali hutenganishwa kwa nyeupe au nyeusi, jicho likapata pa kupumzikia. Hilo ni somo kwa fundi wa tovuti: rangi moja itawale, mbili ziifuate, na maandishi yasomeke. Kiwango cha kimataifa chataka tofauti ya mwangaza baina ya maandishi ya kawaida na usuli wake isipungue 4.5 kwa 1.

Lakini rangi si pambo tu. Sisi watu wa leso twalijua hilo: kisutu, chenye wekundu, weusi na weupe, ni vazi la arusi; hakitandikwi mezani kwa sababu kimempendeza mpita njia. Kwa Wasamburu vile vile, nyeupe hunasibishwa na maziwa, na kijani na malisho. Wekundu una habari nzito zaidi. Iko dasturi ya moran kumvika msichana mdogo shanga nyekundu ili awe wake kabla ya ndoa, dasturi inayomdhulumu mtoto, na ambayo wako Wasamburu wenyewe waliosimama kuipinga. Fundi akiibandika picha ya msichana huyo ili kuwaita watalii, je, anajua anatangaza nini?

Rai yangu ni kwamba rangi tuzitafute nyumbani, lakini tuwaulize wenyewe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni yataka idhini ya jamii kabla ya kutumia urithi wake. Basi fundi akae na akina mama wa Kipsing, aulize, asikilize, kisha alipe. Nyumba ya watu haiingiwi bila ya hodi, hata kama mlango uko wazi.