Refa Humwona wa Pili

Kwenye kipindi kilichopita nilisema kwa haraka kwamba mwanangu ameadhibiwa kwa kumpiga mwenzake na gongo kwenye hoki, halafu nikacheka, mazungumzo yakaendelea. Msikilizaji mmoja akaniandikia: "Dada, mbona ulicheka?" Swali zuri. Nilicheka kwa sababu nilikuwa sijui niseme nini.

Kwa wageni hapa: nilizaliwa Toronto, wazazi wangu ni watu wa Mombasa, na tangu 2016 naishi Guangzhou. Kazi yangu ni kukagua ubora wa vifaa vya umeme viwandani kabla havijapakiwa kwenye kontena. Mwanangu ana miaka 11 na anacheza hoki ya barafu. Ndiyo, barafu, kwenye mji ambao mwezi wa saba ukitoka tu nje ya mlango miwani inaingia ukungu. Uwanja wao uko ndani ya jumba la maduka. Watu wanakula tambi ghorofa ya juu huku wanatazama watoto wakianguka. Mimi nakaa chini na chupa yangu ya chai, nimevaa koti zito, na begi la vifaa linanuka vibaya kuliko kitu chochote nilichowahi kukagua kazini.

Sasa, kisa chenyewe. Ilikuwa mechi ya wao kwa wao, klabu moja imegawanywa pande mbili. Mtoto mmoja wa upande wa pili alikuwa ananyang'anywa kisahani na mwanangu kila mara. Mara ya tatu akamwambia "hei gui". Kwa tafsiri ya moja kwa moja ni "shetani mweusi", lakini tafsiri haifikishi uzito wake. Na msiniletee ile habari ya "nei ge", neno la Kichina la "ile" ambalo mgeni akilisikia anashtuka bure. Mwanangu amesoma shule za hapa, Kichina chake ni kizuri kuliko Kiswahili chake (najua, najua, mama yangu ameshanisema vya kutosha). Alisikia alichosikia. Akainua gongo akampiga mwenzake nalo kwenye mkono, juu ya glavu.

Refa, ambaye ni kijana tu anayemsaidia kocha, hakusikia neno. Aliona gongo. Akapuliza filimbi, mwanangu akaenda kukaa dakika 2 kwenye kibanda cha adhabu.

Hapo mimi sina ugomvi na mtu. Gongo si la kumpigia mtu, basi. Kuna watoto wamevunjika vidole kwa hilo. Mwanangu alipotoka barafuni akaniambia, "Lakini Mama, yeye ndiye alianza," nikamjibu kwamba hayo ni mambo mawili, na la kwanza ameshalimaliza.

Mimi kile kibanda nakipenda, tena sana. Wazazi wengi wanakiona kama aibu, mtoto akiingia wanainamia simu zao. Hebu fikirini kinavyofanya kazi. Umekosa, unajua kosa lako lina jina, unajua ni dakika ngapi, na saa iko ukutani watu wote wanaiona. Timu yako inacheza pungufu kwa ajili yako, kwa hiyo huwezi kusema kosa lako halimhusu mtu. Na kwa adhabu ya dakika 2, wale wengine wakifunga bao wakati timu yako iko pungufu, unatoka hata kama dakika hazijaisha. Deni limelipwa. Unafungua mlango, unarudi kucheza, na hakuna anayekuuliza kitu.

Sasa linganisheni na adhabu walizotusimulia wazazi wetu. Si wengi tumeisikia hii: ukichapwa shuleni usithubutu kusema nyumbani, maana utachapwa tena kwa kosa la kuchapwa. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, lakini lile wazo la kwamba adhabu haina mwisho hadi mkubwa achoke, lile lilisafiri na sisi kwenye masanduku. Liko Toronto, liko Guangzhou. Na kwa taarifa yenu, si letu peke yetu. Kocha wetu anatoka Heilongjiang, kaskazini kabisa, huko ndiko hoki ya China ilikolelewa, na yeye mwenyewe aliniambia kwamba utotoni alikuwa akipigwa kwa mti wa gongo akikosea pasi. Alisema huku anacheka. Nikakumbuka kicheko changu kwenye kipindi.

Basi baada ya mechi, zile dakika 2 zikawa hazitoshi. Kwenye kundi la wazazi la WeChat kukawa na ujumbe arubaini na kitu kabla sijafika nyumbani. Mmoja akaweka picha ya mkono wa mtoto, ambao kusema kweli ulikuwa na wekundu kidogo tu. Mwingine akaandika kwamba "watoto wa aina hii" wana nguvu sana na wanahitaji kuangaliwa. Klabu ikaamua: mwanangu asije wiki 2, halafu akirudi asimame mbele ya wote aombe radhi. Yule mwingine? Hakuna kitu. Ni maneno ya watoto tu.

Niliandika "sawa, asanteni" na nikaituma. Wallahi niliituma. Punde si punde nikaifuta, lakini watu watatu walikuwa wameshaweka kidole gumba.

Kwa nini niliandika sawa? Hapa ndipo inabidi nimzungumzie baba yangu. Alikuwa akinipeleka hoki saa kumi na moja alfajiri, theluji imefika magotini, mtu aliyekulia Mombasa na hajawahi kusimama kwenye barafu maisha yake yote. Alikuwa haelewi sheria, lakini jambo moja alilielewa haraka kuliko wazazi wote wa Kizungu: refa humwona wa pili. Anayeanza haonekani, anayerudisha ndiye anayeonekana. Yeyote aliyecheza hoki analijua hili. Ila baba aliongeza na lake. Kila tulipokuwa tunafunga kamba za viatu aliniambia, "Mwanangu, usirudishe. Wewe hata ukiwa wa kwanza, utaonekana mara mbili."

Nilimtii. Sikurudisha hata siku moja, miaka minane. Makocha walinisifu kwa nidhamu. Nikawa mtu asiyerudisha kazini pia, na kwenye nyumba za kupanga, na hapa Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika walipofukuzwa mahotelini na vyumbani kwao mjini humu, wengine wakalala nje. Mimi nilikuwa na pasipoti ya Kanada na mtoto wa miaka 6, nikafunga mlango, nikanyamaza. Simlaumu baba. Alikuwa ananilinda kwa kifaa alichokuwa nacho. Lakini naona sisi tuliozaliwa huku tumekichukua kile kifaa tukakiita nidhamu, tukawapa watoto wetu bila kuangalia kama bado kinafaa. Ile si nidhamu. Ni woga wenye adabu nzuri.

Wengine mtasema, haya, sasa unataka mtoto apigane? Hapana. Ndiyo maana nimeanza na kukubali dakika 2. Ninachokataa ni kitu kingine: mtoto mmoja alipe kosa lake kwa saa ya ukutani, na mwingine kosa lake lisiwe na jina wala saa. Neno lile halikuwemo kwenye orodha ya makosa ya klabu. Kumpiga ngwala mwenzako lipo. Kuwa na wachezaji wengi mno barafuni lipo. Kuchelewesha mchezo lipo. Sasa mtoto wa miaka 11 aliyetukanwa alitakiwa afanye nini? Anyamaze, au arudishe. Wakubwa hatukumwachia njia ya tatu, halafu tunamshangaa kwa kuchagua.

Na msiniambie mchezo ndivyo ulivyo, haubadiliki. Umebadilika mara nyingi. Nilipokuwa mdogo, watoto wa miaka 11 na 12 sehemu nyingi za Kanada waliruhusiwa kukumbana kwa mwili mzima, na ukisema ni hatari unaambiwa unawalea mayai. Mwaka 2010 watafiti wakatoa ulinganisho wa Alberta, ambako watoto wa umri huo walikuwa wakikumbana, na Quebec, ambako walikuwa hawaruhusiwi. Alberta hatari ya kuumia ilikuwa zaidi ya mara 3, na mtikisiko wa ubongo vilevile. Marekani wakaiondoa kwa umri huo mwaka 2011, Kanada nzima mwaka 2013. Wazee wa viti vya nyuma walilia kwamba hoki imekufa. Haijafa. Na kwa maneno ya ubaguzi, USA Hockey tangu 2021 wana adhabu kali: ukitamka unatolewa kabisa mechini, na suala lako linapelekwa mbele zaidi. Hawakufika hapo kwa kupenda. Mwaka 2019 Akim Aliu, mzaliwa wa Nigeria, alieleza hadharani jinsi kocha Bill Peters alivyomtukana kwa rangi yake miaka kumi nyuma, na Peters akajiuzulu Calgary Flames siku chache baadaye. Aliu alikuwa amebeba lile neno miaka kumi! Mtu mzima, mchezaji wa kulipwa.

Desemba tulikuwa Nairobi, nikampeleka Panari, ile hoteli ya Mombasa Road, mahali Ice Lions wanapofanyia mazoezi. Uwanja ni mdogo, huwezi kuulinganisha na viwanja vya huku, lakini Kenya imeingia kwenye shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu mwaka 2024 ikitokea hapo hapo. Mwanangu akacheza na watoto wenzake saa nzima. Akamkwaa mmoja, filimbi ikalia, akaambiwa "kaa chini kidogo," akakaa, akarudi. Kwenye teksi akawa kimya hadi tulipofika Nyayo. Halafu akaniambia, kwa Kiswahili, na si kawaida yake: "Mama, pale nilikuwa mtu tu aliyekosea."

Niliikumbuka sentensi hiyo nilipokuwa nimeshika simu na lile "sawa" langu nililolifuta. Nikaandika upya. Nikasema mwanangu amekaa dakika 2 kwa gongo, na kama klabu inataka aongezewe, basi na neno nalo lihesabiwe. Ama sivyo hatasimama mbele ya mtu. Nilitafsiriwa na jirani yangu, kwa sababu Kichina changu cha kugombana ni cha sokoni.

Baba wa yule mtoto akanipigia. Tukakutana Jumapili asubuhi kwenye nyumba ya chai, watoto wetu wawili wakala maandazi ya mvuke bila kutazamana. Mzee yule hakuwa mtu mbaya. Alisema mwanawe amelitoa neno kwenye michezo ya simu, hakumaanisha. Nikamwambia wangu naye hakumaanisha, gongo lilijiinua. Akanitazama, akacheka, halafu akaacha kucheka. Akamgeukia mwanawe akamwuliza kwa sauti ya chini kitu ambacho sikukielewa, na yule mtoto akaanza kulia kwenye sahani yake. Mwanangu akamsogezea karatasi ya kupangusia. Hatukupatana kwa maneno mazuri, niseme ukweli. Tulikubaliana kila mmoja akose mechi moja, na hakuna wa kusimama mbele ya wenzake. Kocha alikubali kwa uchovu. Yule mama wa "watoto wa aina hii" bado yumo kwenye kundi, na bado ananitumia ua la asubuhi njema kila siku kana kwamba hakuna kitu.

Ila kocha aliniachia kazi. Alisema kama nataka neno liingie kwenye sheria za klabu, niandike mimi mwenyewe mstari huo, naye atautafsiri vizuri na kuubandika. Nimekaa na karatasi hiyo siku tisa. Jina la kosa limekuwa rahisi. Kinachonishinda ni dakika. Nikiandika atolewe moja kwa moja, kwa umri huu, naogopa marefa vijana watajifanya hawakusikia, kwa sababu adhabu kubwa mno huwa haitolewi. Nikiandika 2, nimelifanya neno lile kuwa sawa na kumkwaa mtu. Dakika 5 na mazungumzo na wazazi? Hapo ndipo nilipo leo.

Nimempigia baba Toronto jana, nikamsimulia yote. Alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani simu imekatika. Halafu akauliza, "Alimpiga na gongo au na ngumi?"

"Na gongo, Baba."

"Basi dakika 2 ni chache," akasema. Kimya tena. "Na kwa neno, weka 10."

Wenye watoto barafuni, au nyinyi wenyewe mnaocheza Minneapolis, Toronto, Oslo, huko mliko: klabu zenu zimeandika ngapi? Niambieni kabla ya Jumamosi, kocha anaingoja karatasi.