AFYA YETU: Kampeni hupimwa kwa mavuno



Wataalamu wa afya wakija kijijini, ngoma hupigwa na maigizo huchezwa. Watu hujaa. Jioni husemwa, "Mkutano umefana." Lakini je, magonjwa ya zinaa yamepungua? Hilo ndilo swali la kuuliza.

Mkulima akitaka kujua faida ya mbolea, huiweka upande mmoja wa shamba. Upande wa pili haweki. Wakati wa mavuno hupima magunia ya pande zote mbili. Kampeni ya afya nayo hupimwa hivyo.

Tutazame mfano wa Mwanza. Mwaka 1999 ilianza kampeni iliyoitwa MEMA kwa Vijana. Shabaha yake ilikuwa kuwakinga vijana na UKIMWI, magonjwa mengine ya zinaa na mimba. Maeneo 20 ya vijijini yalichaguliwa. Maeneo 10 yalipata kampeni. Maeneo 10 mengine yaliachwa kwanza ili yalinganishwe.

Wanafunzi wa darasa la 5 hadi la 7 walifundishwa na walimu wao. Vijana wenzao walisaidia kwa maigizo. Wahudumu wa zahanati walifundishwa kuwapokea vijana vizuri. Kondomu zilisambazwa vijijini.

Mwaka 2001 na 2002 vijana waliulizwa maswali. Damu na mkojo pia vilipimwa. Katika maeneo ya kampeni, vijana walijua mengi zaidi kuliko wenzao. Waliosema kwamba wanatumia kondomu waliongezeka. Lakini virusi vya UKIMWI havikuonekana kupungua.

Mwaka 2007 na 2008 vijana 13,814 walipimwa. Maarifa yalikuwa bado yapo. Lakini kwa virusi vya UKIMWI na mimba, tofauti haikuonekana. Mdomo ulisema hivi, damu ikasema vingine.

Kwa nini? Kijana haishi darasani tu. Akirudi nyumbani hukuta mambo ni yale yale. Wako watu wazima wanaowarubuni wasichana kwa fedha na zawadi. Msichana asiye na fedha ya sabuni hupata taabu kukataa. Ndiyo maana watafiti walishauri kwamba jamii nzima ifikiwe, siyo vijana peke yao.

Kazi ile haikupotea bure. Maarifa ni mbegu. Lakini mbegu njema ikipandwa kwenye magugu haizai vizuri. Magugu hayo ni sisi watu wazima kuyapalilia.

MASWALI YA KUJADILI
1. Kampeni ya mwisho ya afya kijijini kwetu ilileta mabadiliko gani? Tumejuaje?
2. Je, kijana wetu anaweza kupata kondomu, ushauri na kipimo katika zahanati bila kuona aibu?
3. Sisi wazazi tutafanya nini ili wasichana wasirubuniwe?