DAWA SI BADALA YA WAUGUZI



Mtu mwenye ulemavu wa akili akirusha sahani, hunyamazishwa kwa haloperidoli. Nani kauliza kama jino lamwuma? (Mwenye wazimu hasa apewe dawa yake, hatubishi.)

Mwaka 2008 madaktari wa Uingereza na Australia walichapisha majaribio yao kwa watu 86 wa namna hiyo, wenye ghasia. Wengine walipewa haloperidoli au risperidoni, wengine kidonge kisicho na dawa. Ghasia zilipungua kwa wote, na kundi la kidonge kitupu ndilo lililoongoza!

Basi dawa yamfaa nani? Yamfaa tajiri asiyetaka kuajiri. Muuguzi aliyeachiwa wadi nzima usiku peke yake atafanyaje? Twataka wauguzi wa kutosha, wapate nafasi ya kujua kinachomwudhi mgonjwa, na jambo hili liandikwe katika mapatano yajayo.