Usichague Nyumba kwa Macho

Msomaji, wako watu walioamua kuishi peke yao, miaka nenda miaka rudi, ndani ya trela, yaani nyumba ndogo yenye magurudumu ikokotwayo na gari. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na rai iliyoenea kwamba trela bora ni lile kubwa zaidi na lenye mapambo mengi zaidi. Rai hiyo ni ya uongo, na uongo wake waweza kuua.

Fikiri kwanza juu ya uzito. Mtu mmoja hulalia kitanda kimoja. Vyumba vya ziada havimfai kitu, lakini gari lake huvikokota vyote. Isiolo iko yapata mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Timau yetu imepita mita 2,000. Akwezaye trela zito kutoka huko hadi huku ataona injini ikidhoofika, kwani kila tupandapo hewa huwa haba. Akiteremka, hatari huzidi: trela zito lisilo na breki zake lenyewe hulisukuma gari lililo mbele, kama kundi lenye kiu limsukumavyo mchungaji kisimani.

Mtu atajibu kuwa Wamarekani hawakuogopa uzito. Kweli, mwaka 1959 Wally Byam aliongoza msafara wa matrela 41 ya Airstream kutoka Cape Town, ukapita Ethiopia, na mwaka 1960 ukafika Cairo. Lakini msafara ule ulikuwa na watu wengi wa kusaidiana penye matope. Mpweke atasaidiwa na nani?

Walimu bora hawako mbali. Kaskazini mwetu, wanawake wa Kigabra na Kirendile hujenga nyumba kwa fito na mikeka, na siku ya kuhama huivunja na kuipakia juu ya ngamia. Kipimo chao ni mgongo wa ngamia, wala si macho ya jirani.

Fikiri pili juu ya hewa. Nilipoanza kazi ya ualimu nilipanga chumba kidogo hapa Timau, hakikuzidi trela kwa ukubwa. Usiku mmoja wa baridi kali niliziba dirisha kwa matambara, nikaingiza jiko la makaa, nikalala. Niliamka kichwa kikigonga na miguu imelegea, nikatambaa hadi nje. Mlango ule ulikuwa na ufa mpana ambao nilikuwa nikiulaani kila siku. Naamini ndio ulioniokoa. Makaa hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu. Aishiye na wenziwe huenda akaamshwa. Aishiye peke yake hujiamsha mwenyewe, au haamki.

Basi, siku utakapochagua nyumba ya kuishi peke yako, iwe ya magurudumu au ya mawe, usiulize kwanza rangi ya pazia. Inama utazame fremu chini kama ina kutu. Kanyaga sakafu kama imeoza. Tazama dari kama ina alama za maji. Fungua madirisha, uone hewa yaingilia wapi na yatokea wapi. Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Nami nakuambia, kagua jinsi vilivyoundwa kabla hujavipanda.