Dogo, usingoje viatu vya klipu

Wiki iliyopita dogo mmoja wa Laini Saba alinitumia meseji. "Bro, nimeweka elfu nne. Bado natafuta pesa ya viatu vya klipu na pedali zake ndio nianze kuendesha na nyinyi. Baiskeli iko, ni breki ya nyuma tu haishiki vizuri."

Niliisoma mara tatu. Breki haishiki, na pesa inangoja viatu! Na najua hiyo fikra ilitoka wapi. Ilitoka kwetu sisi wa kuposti. Kila video ni viatu vinang'aa, mlio wa "klak" mguu ukiingia, kisha slow-mo tukipanda mlima. Msee wa Kibera akiangalia anaona baiskeli ni mchezo wa watu wa Karen.

Kwa wale hawajui, hizi ni pedali ambazo kiatu kina kachuma chini, kinaitwa kliti, kinaingia kwa pedali na kunasa. Zinaitwa klipulesi, yaani hazina klipu, na bado zinakushika mguu kama deni. Jina lilikuja kwa sababu zilichukua mahali pa zile klipu za zamani za vidole, zenye mkanda wa kukaza kwa mkono. Look ya Ufaransa walitoa zao 1984, na mwaka uliofuata Bernard Hinault akashinda Tour de France akizitumia. SPD za Shimano, za baiskeli za milima, zikaja 1990. Sasa piga hesabu: Eddy Merckx alikuwa ashashinda Tour mara tano kati ya 1969 na 1974, na mikanda yake ya kukaza kwa mkono. Na hapa kwetu kuna wazee wanapeleka mikate kila asubuhi na Black Mamba, kreti imejaa nyuma, akala miguuni. Hakuna mtu amewahi kuwauliza kliti ziko wapi.

Mimi nazo ninazo, sitadanganya. Ni tamu. Mguu hautelezi kwa mvua, na ukisimama kwa pedali kupanda mlima unajiamini. Lakini nilizivaa mapema sana. Siku ya pili nilikuwa nashuka Naivasha Road, nikafika Congo pale Kawangware, matatu ikasimama ghafla mbele yangu kubeba mtu. Nilishika breki, baiskeli ikasimama, mguu ukakataa kutoka. Nikavuta juu, kama mtu anatoa gambuti kwa matope. Hautoki hivyo. Nikaanguka upande wa barabara, polepole, watu wote wa stage wakiangalia. Boda ya nyuma ilisimama labda hatua mbili kutoka kichwa changu. Watu walicheka, hata mimi nikacheka. Usiku sikulala vizuri.

Ukianguka hivyo Karura, unaamka na majani kwa nguo. Sisi hatuendeshi Karura kila siku. Tunaendesha Kibera Drive, kati ya matatu na mkokoteni. Hata ile njia ya baiskeli ya Ngong Road, ambayo ni baraka, utapata boda inakuja uso kwa uso na mama ameweka nyanya katikati. Unaweka mguu chini mara ishirini kabla ufike Prestige. Mtu anayeanza anahitaji mguu huru.

Kwa hivyo dogo, hiyo elfu nne ipeleke kwa fundi kwanza. Badilisha raba za breki na waya, mbele na nyuma. Angalia tairi. Halafu helmeti, na ukinunua ya mtumba igeuze uangalie ndani kama ina ufa. Ikiwa nao, iache hapo hata kama ni ya jina kubwa. Taa nyekundu ya nyuma. Ikibaki kitu, nunua pedali za kawaida pana, zenye meno ya kushika soli, na uvae raba yoyote ya soli ngumu. Kamba za viatu ziweke ndani zisishikwe na cheni. Umemaliza, twende.

Huko Kikuyu, si mbali na Kawangware, David Kinjah amefunza watoto kuendesha miaka mingi kwa Safari Simbaz. Chris Froome, aliyeshinda Tour mara nne, alipitia kwake akiwa mtoto. Na pale mtoto hafunzwi mbio pekee, anafunzwa pia kutengeneza baiskeli yake mwenyewe. Hiyo ndiyo video tungeposti.

Ukishazoea barabara na bado unazitaka, chukua za SPD, zile za skurubu mbili. Kliti yake inajificha ndani ya soli, kwa hivyo unaweza kutembea. Zile za skurubu tatu za wanambio zitakufanya utembee kama bata, na matope ya Kibera yatazimaliza. Viatu hutokea Toi na Gikomba. Geuza soli utafute nafasi mbili ndefu za skurubu. Ulizia kliti ya SH56, inaachilia mguu kwa pande nyingi kuliko SH51 ya kawaida. Legeza skurubu ya springi mpaka mwisho. Na umwambie fundi pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume, maana nimeona mmoja akiharibu krenki ya mtu kwa nguvu tu.

Kisha jizoeze kwa kiwanja. Kamukunji ya Kibera iko, ama uwanja wowote wa shule wakikuruhusu. Kisigino kinazungushwa nje, hakivutwi juu. Toa mguu kabla hujasimama. Fanya mara mia, kulia na kushoto, hata watoto wakicheka.

Nilimjibu dogo hivyo hivyo, kwa voice note ndefu kama redio. Jana akanitumia picha: raba mpya za breki, kidole juu, na nyuma yake ukuta wa mabati. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tunakutana Dagoretti Corner. Amesema anakuja na raba za shule.